Nguo za Mgeni Anayetarajiwa

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mwaka jana nilisimama mahali hapa nikawasomea hesabu za hazina. Mwaka huu Kamati imenitaka niseme juu ya jambo ambalo huenda wengine wenu mkaona si la mwanamume, wala si la mkutano wa wazee, yaani kushona nyumbani nguo za mama mja mzito na za mtoto anayemtarajia. Naomba mnivumilie. Mimi ni karani. Kazi yangu ni kalamu na daftari, wala siwezi kuiendesha cherehani hata kidogo bila uzi kukatika. Lakini neno nitakalolisema nililipata kwa gharama, na si haki nikae nalo peke yangu.

Wazee wangu, mwaijua desturi. Katika jamii zetu nyingi haifai kumwekea mtoto nguo kabla hajazaliwa. Nilipooa, mama yangu mzazi alinionya akasema, "Mwanangu, usimhesabu mtoto ambaye hajalia." Nilitii. Mke wangu, ambaye alifundishwa kushona tangu shuleni, naye alitii, na sindano zake zikakaa ndani ya kopo muda wote wa mimba ile ya kwanza.

Mtoto hakungoja siku zake zitimie. Alikuja zaidi ya mwezi mmoja kabla ya wakati, usiku, mwezi wa Julai. Nanyi mnaokaa hapa Molo hamhitaji kuambiwa baridi ya Julai ilivyo. Tulifika hospitali tukiwa na kanga moja tu, nayo ilikuwa imelowa mvua njiani. Baadaye muuguzi akatoka, akaniuliza kwa upole, "Baba, nguo za mtoto ziko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilivua shati langu nikampa. Hilo ndilo lililokuwa vazi la kwanza la mwanangu: shati la karani, lenye doa la wino mfukoni. Mtoto alikuwa amekwisha poa mwili, akawekwa katika chumba cha joto siku tisa. Mungu alimrehemu, yu hai, na leo yuko shuleni. Lakini kwa siku zile tisa nilikaa juu ya benchi nikijiuliza kama ni desturi niliyoitii, au ni uvivu wangu niliouita desturi.

Tangu siku ile nimejitahidi kujifunza sababu ya jambo lile. Mtoto mchanga hutoka mahali penye joto akiwa na maji mwilini, na maji yale yanapokauka humwondolea joto upesi sana. Kichwa chake ni kikubwa kuliko chetu tukikilinganisha na mwili, kwa hiyo humpotezea joto jingi kikiachwa wazi. Joto la mwili wake lapasa kuwa baina ya nyuzi 36.5 na 37.5, na aliyezaliwa kabla ya siku zake hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi ya kumhifadhi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba mtoto akaushwe mara moja kwa kitambaa kikavu, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, afunikwe, avishwe kofia, wala asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita.

Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey alianza kuwafunga kifuani pa mama zao watoto waliozaliwa wadogo, kwa kuwa mashine za kuwatia joto hazikutosha. Njia hiyo imeenea hata kwetu. Mama zetu wanaijua mbeleko ya mgongoni. Hii ni mbeleko iliyohamia kifuani. Basi nguo haishindani na mwili wa mama. Nguo ni mlango unaofungwa ili joto la mama lisitoroke.

Sasa niwaeleze mambo machache ya kazi yenyewe, kama nilivyofundishwa na mke wangu, ili akina baba wajue wanunue nini.

Kwanza ni gauni la mama. Likatwe pana kuanzia chini ya kifua, wala si kiunoni, nalo litiwe marinda mbele. Upande wa mbele uwe mrefu kuliko wa nyuma kwa sentimita 5 hadi 8, maana tumbo likikua huinua pindo, na gauni lililokuwa sawa mwezi wa nne huonekana fupi mbele mwezi wa nane. Kama lahitaji kufungwa, lifungwe kwa utepe unaoweza kulegezwa, si kwa mpira unaobana. Tena lifunguke mbele kwa vifungo. Gauni la namna hiyo halitatupwa baada ya kujifungua, kwa kuwa ndilo atakalolivaa mama akinyonyesha, na ndilo litakalomruhusu kumlaza mtoto kifuani bila kuvua nguo zote katika baridi.

Pili ni nguo za mtoto. Kitambaa cha pamba kifuliwe kabla hakijakatwa, maana pamba hupungua ukubwa inapofuliwa mara ya kwanza. Nepi ya mraba wa sentimita 70 yatosha. Na kitambaa chenye upana wa sentimita 140 hutoa nepi mbili katika kila sentimita 70 za urefu. Basi mita 4 na sentimita 20 hutoa nepi 12. Hiyo ni hesabu ambayo hata karani aweza kuifanya. Kijigauni cha mtoto kifunguke mbele chote, kikunjwe upande mmoja juu ya mwingine na kufungwa ubavuni kwa utepe mfupi, ili kisipitishwe kichwani pa mtoto ambaye shingo yake haijapata nguvu. Mishono ikae upande wa nje, isiikwaruze ngozi. Pasiwe na vifungo vidogo vinavyoweza kung'oka na kumezwa, wala kamba ndefu karibu na shingo. Vipande vinavyobaki vishonwe kofia.

Nguo za mitumba pia zafaa sana, wala sizidharau; lakini zichemshwe na kupigwa pasi mapema, si siku ya uchungu. Na mama mwenyewe ashone mchana penye mwanga, ainuke mara kwa mara kunyoosha miguu, na akichoka aache. Kazi hii ni ya miezi, si ya usiku mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Wazee wangu, msinidhanie kwamba nimesimama hapa kuidharau desturi. Mke wangu alipopata mimba ya pili, alikwenda mwenyewe kwa mama yangu, akapiga magoti, akasema, "Mama, naomba ruhusa nishone." Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akatusimulia jambo ambalo mimi, mwanawe, sikupata kulisikia. Alisema kwamba kabla yangu alizaa mtoto aliyeishi siku mbili, na ya kwamba alikuwa amemshonea kijigauni kwa kitambaa cha mfuko wa unga. "Mtoto alizikwa," alisema, "lakini kile kijigauni kilibaki kikining'inia ukutani, kikanitazama." Hapo ndipo nilipofahamu. Waliotukataza kushona hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliozika watoto wengi, nao hawakutaka mama azike mara mbili.

Tukafanya mapatano. Mke wangu angeshona kila kitu, ila tepe za kufungia zisitiwe mpaka mtoto alie. Na furushi lisikae nyumbani kwetu. Likae kwa bibi yake. Ikawa hivyo. Usiku wa kujifungua mama yangu alikuja hospitali na lile furushi chini ya shuka yake. Tuliposikia kilio ndani, alitoa sindano, akaniamuru nimshikie tochi ya simu, akazitia tepe zile moja baada ya nyingine, mikono ikimtetemeka. Muuguzi alipotoka kuuliza nguo ziko wapi, zilikuwa tayari.

Basi nageukia Chama. Bwana Mwenyekiti, mimi ndimi ninayeviandika vitabu vyetu, nami nashuhudia kwamba mfuko wa mazishi haukupata kushindwa. Mwanachama akifa, kabla ya jua kutua tumekwisha changa; tunamnunulia jeneza, na nguo ya kumvika aondokaye. Ni jambo la heshima, tusiliache. Lakini nimepekua vitabu vyote, sikuona mahali ambapo Chama kilinunua hata kipande cha kitambaa cha kumvika mtu ajaye. Je, tumekuwa watu wa kusindikiza tu, wasiojua kupokea?

Mtu aweza kusema kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Lakini hata mwaka 2013, serikali ilipoondoa ada za kujifungua katika hospitali zake, nguo za mtoto zilibaki kuwa mzigo wa wazazi. Wala kazi hii si ngeni katika nchi yetu. Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka 1952, kushona na kulea watoto vilikuwa miongoni mwa mafunzo ya vikundi vyake. Basi siwaletei jambo jipya. Nawaomba tulirudie la zamani.

Kwa hiyo naweka mambo matatu mbele yenu. La kwanza, Chama kinunue cherehani moja ya miguu, iwekwe katika chumba chetu cha mikutano, na mama zetu wachague msimamizi wake. La pili, kinunuliwe jora moja la kitambaa cha pamba, na mwanachama ambaye mkewe ni mja mzito aruhusiwe kuchukua kiasi kinachomtosha tangu mwezi wa nne, na kulipa kidogo kidogo pamoja na mchango wake wa kila mwezi.

La tatu ndilo ninaloliomba kwa unyenyekevu zaidi. Mafurushi yatunzwe kwa mama mzee atakayechaguliwa, na tepe zisitiwe mpaka mtoto alie, kwa kuiheshimu desturi yetu. Na ikiwa mtoto hatarudi nyumbani, mzazi asiitwe kulichukua furushi, wala asiulizwe deni lake. Nguo zile zikae kimya mpaka atakapokuja mwingine mwenye kuzihitaji, ili mama asirudi nyumbani akatazamwa na kijigauni ukutani.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi hatuwezi kumwambia mgeni njoo, kisha akabisha hodi usiku wa Julai akatukuta hatuna hata cha kumfunika. Shati lile la kazini ningali nalo. Doa la wino halikutoka, nami sikutaka litoke. Naliomba Baraza hili lifanye mpango, ili mwanachama mwingine asilazimike kuvua lake.