Bunduki Haiokoi Mtama: Mazungumzo Juu ya Ndege Waharibifu Mashambani



Mtama unapoanza kutoa masuke, kila kaya ya mkulima huwahesabu watu wake upya: nani atachunga mifugo, nani atateka maji, na nani ataamia ndege. Mara nyingi zamu ya kuamia humwangukia mtoto. Tangu alfajiri husimama juu ya dungu akiwa na kombeo mkononi na debe miguuni, na darasa lake huendelea bila yeye. Hali hiyo hudumu kwa majuma kadhaa, kuanzia punje zinapojaa maziwa hadi zinapokauka. Ndiyo sababu kila msimu huibuka shauri lile lile: watafutwe wenye bunduki, ndege wapigwe risasi, jambo liishe. Shauri hilo limezaliwa na uchungu wa kweli, na kwa hiyo linastahili kupimwa kwa hoja.

Kwanza, ndege wanaolalamikiwa si wa aina moja. Wapo tetere na njiwa pori, ambao hutua wawili wawili au kwa makundi madogo, wakaokota mbegu iliyopandwa karibu na uso wa ardhi, punje zilizodondoka na alizeti iliyokomaa. Hao ni wasumbufu, lakini mtu mmoja makini aweza kuwafukuza. Wapo pia kwelea kwelea, ndege mdogo kama shomoro, mwenye mdomo mnene mwekundu, asiyezidi sana uzito wa gramu 20. Mmoja peke yake si kitu. Lakini kwelea kwelea hawatembei peke yao. Huishi kwa makundi ya maelfu na malaki, na makundi makubwa hufikia mamilioni. Hukadiriwa kwamba ndege mmoja huweza kumaliza gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa kula na kwa kupukutisha. Basi kundi la ndege milioni moja likiegemea mashamba huondoa tani 10 kwa siku, yaani magunia 100 ya kilo 100 kila moja.

Hapo ndipo bunduki inaposhindwa. Katika nchi nyingine kupiga njiwa kwa bunduki ni desturi ya wakulima. Nchini Uingereza mwindaji hujificha nyuma ya wavu pembeni mwa shamba, akapanga njiwa wa bandia ardhini ili kuwavuta walio hai. Njiwa wa huko ana uzito wa nusu kilo hivi, nyama yake huuzwa, na makundi yake huhesabika. Hata hivyo, wale wasiouawa huhamia shamba la jirani. Kwa kwelea kwelea hesabu ni ngumu zaidi. Hata kama kila risasi ya marisawa ingeangusha ndege 50, kundi la milioni moja lingehitaji risasi 20,000. Hakuna mkulima wa mtama awezaye kuzinunua, na gharama yake ingezidi thamani ya mavuno yenyewe.

Liko pia suala la usalama na sheria. Marisawa hayachagui pa kuangukia, na katika msimu wa kuamia kila shamba lina mtu juu ya dungu, mara nyingi mtoto. Umiliki na matumizi ya silaha husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji wa ndege wa porini husimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Gobore lisilo na kibali halimlindi mkulima. Humwongezea kesi juu ya hasara.

Silaha inayofaa zaidi dhidi ya kwelea kwelea ni taarifa ya mapema. Ndege hawa hutawanyika mchana kutafuta chakula, lakini jioni hurudi kulala pamoja katika vichaka vya migunga au katika matete ya mabondeni. Wakati wa kuzaliana hujenga viota kwa maelfu katika eneo moja, na mayai huanguliwa baada ya siku 10 hadi 12 hivi. Majuma machache baadaye makinda huruka na kundi huongezeka. Kwa hiyo mchungaji anayeona makundi yakielekea upande mmoja kila magharibi ameshika habari yenye thamani kuliko risasi. Aipeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa ofisa ugani siku hiyo hiyo, akitaja mahali, aina ya miti na muda ambao ndege wameonekana. Kutoka hapo taarifa hupanda hadi wilayani, na kutoka wilayani hadi kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na yenye makao yake Arusha. Ndege ya kunyunyizia dawa haiwezi kupulizia wilaya nzima. Huhitaji kuonyeshwa pale wanapolala, na hufanya kazi yake jua linapokuchwa, kundi likiwa limekwisha kutua.

Dawa hiyo nayo inadai hadhari. Dawa iliyozoeleka katika kazi hii, fenthioni, hushambulia mishipa ya fahamu. Haiui kwelea kwelea peke yake: bundi, mwewe na mnyama yeyote alaye mizoga hudhurika. Baada ya unyunyiziaji ardhi huweza kujaa ndege waliokufa au wanaoyumba, na kwa kaya yenye njaa ile ni kama kitoweo kilichoteremshwa bure. Sicho. Ndege wa namna hiyo wasiokotwe, wasiliwe, wasiuzwe, wala wasitupiwe mbwa au kuku. Mtu aliyewashika au kuwala akaanza kutokwa na jasho na mate mengi, kutapika, kutetemeka au kupumua kwa shida, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, na mhudumu aelezwe kwamba kulikuwa na dawa. Kabla ya kazi kuanza, wakazi wawaonyeshe maofisa visima, malambo, mizinga ya nyuki na mashamba ya pamba ya kilimo hai yaliyo karibu. Wilaya ambayo binadamu na mifugo hunywa maji ya mabwawa haiwezi kuruhusu dawa ianguke popote.

Wako waliogeuza balaa hili kuwa chakula bila sumu. Wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, wanakijiji hunasa kwelea kwelea kwa nyavu na kwa mitego ya kusukwa, wakala na kuuza nyama. Njia hiyo haimalizi kundi kubwa, lakini humpa mkulima kitu badala ya kumnyang'anya. Anayetaka kuijaribu aombe kwanza maelekezo ya maofisa wa kilimo na wanyamapori, awaachie huru ndege wasiohusika, na asitege kamwe mahali palipopuliziwa dawa.

Yaliyobaki yamo mikononi mwa majirani. Mashamba yanayopandwa kwa wakati mmoja hukomaa kwa wakati mmoja, na ndege hugawana hasara kwa wengi badala ya kumfilisi aliyetangulia au aliyechelewa. Magugu ya jamii ya nyasi yakipaliliwa mapema, shamba halina mbegu za kuwaita ndege kabla ya mtama kukomaa. Mtama mwekundu wenye ukakasi hauwavutii ndege kama ulivyo mweupe, ingawa mweupe ndio upendwao kwa ugali. Anayelima pembezoni mwa vichaka aupime ukakasi huo na njaa. Mtama uliokauka usiachwe shambani hata siku moja ya ziada.

Na kuamia kupangwe kwa zamu za watu wazima. Mashamba yanayopakana yakilindwa kwa pamoja, kazi ya waamiaji hupungua, na ndege anayefukuzwa hapa hapati pa kutua pale. Ulinzi mkali zaidi uwekwe asubuhi na alasiri, saa ambazo ndege hula kwa wingi. Kaya zikikubaliana hivyo, mtama utafika ghalani, na mtoto aliyekuwa juu ya dungu atarudi kwenye dawati lake.