Kiwanja cha Crossmaglen

Leo tunazungumza habari za klabu ya mpira ya kijiji cha Crossmaglen, Ayalandi ya Kaskazini. Mpira wao ni wa Kigaeli. Kila upande wachezaji 15, na mpira unashikwa kwa mikono na kupigwa teke pia. Bao ni pointi 3. Ukipita juu ya mtambaa wa panya unapata pungufu ya hapo. Mshahara hakuna. Mtu anachezea parokia yake, basi.

Klabu ilianzishwa mwaka 1887. Chama chenyewe cha michezo hiyo kilianzishwa 1884, kwa hiyo wanakijiji hawa hawakuchelewa.

Sasa sikilizeni. Miaka ya 1970 mapigano yalipopamba moto huko, jeshi la Uingereza lilikuwa na kambi ubavuni mwa kiwanja, likamega na sehemu ya ardhi ya klabu. Helikopta zinatua, vijana wanafanya mazoezi hapo hapo! Sisi tunaolima tunajua uchungu wa kumegewa shamba. Wao hawakuhama. Walidai ardhi yao miaka na miaka, huku wanacheza.

Machi 1997 wakaingia Croke Park, Dublin, wakawa mabingwa wa vilabu wa Ayalandi nzima. Kocha, Joe Kernan, hakuletwa kutoka mbali. Alikuwa mchezaji wao wa zamani. Wakarudia 1999 na 2000. Na ardhi je? Mwaka 1999 serikali ya Uingereza ilikubali kuirudisha. Operesheni ya jeshi ilimalizika 2007, na mwaka huo huo Crossmaglen wakachukua kombe la nne.