KIPIMO KIMOJA KWA WOTE



Nabii Amosi alianza kwa kuyakemea mataifa jirani: Damasko, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni na Moabu. Bila shaka wasikilizaji wake walifurahi. Ndipo akawageukia Yuda na Israeli. Nasi leo hatuna budi kukubali kugeukiwa.

Mwezi Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, mtoto mmoja alituhumiwa kuikojolea Kurani. Makanisa yakavamiwa na kuharibiwa. Tuliumia, na ilikuwa haki yetu kuumia. Tulisema: kosa la mtoto mmoja si kosa la Wakristo wote. Hayo yalikuwa maneno ya haki.

Tarehe 28 Juni 2023, siku ya Idi, Kurani ilichomwa moto nje ya msikiti mjini Stockholm, Sweden. Baba Mtakatifu Fransisko alilaani tendo hilo hadharani. Lakini katika jumuiya zetu ndogondogo, ni wangapi tuliosikitika? Wengi wetu tuliyaona kuwa mambo ya mbali. Je, ungechomwa Msalaba, umbali huo ungetuzuia kulia? Wahenga walinena: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hulinda mahali pa ibada na vitu vitakatifu vya kundi lolote la watu, haichagui dini. Dhamiri ya Mkristo isiwe finyu kuliko sheria.

Tena, bendera ya Taifa ikikanyagwa tunaghadhibika. Lakini mtu apigwapo na umati kwa kudhaniwa mwizi, wangapi tunapita kando? Naye ameumbwa kwa sura ya Mungu. Tukikililia kitambaa tukamwacha mtu, tumeheshimu kivuli na kuukanyaga mwili.

Hatusemi kwamba alama takatifu si kitu. Tunachoomba ni kipimo kimoja. Kwa hiyo, msikiti ukivunjiwa heshima, viongozi wetu wa walei wawe wa kwanza kwenda kuwapa pole majirani. Mwenzetu akikosa, tusimtetee kwa kuwa ni wetu. Nasi tukikosewa, tupeleke shauri mbele ya sheria, tusilipeleke mtaani.

Haki isiyovuka kizingiti cha nyumba yetu bado haijawa haki.

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.