KURUDI MELINI AU KUBAKI NYUMBANI

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wa idara ya njia mbele ya mkutano wa tawi)



Katibu ameniomba niseme juu ya habari za meli, nami najua wengine wenu mnacheka moyoni, kwa maana mimi ni mtu wa reli na mataruma. Kazi yangu ni genge la njia. Bahari huiona nikienda Mombasa, wala sijalala ndani ya meli hata usiku mmoja. Lakini katika mkutano uliopita ndugu yetu mmoja alisimama akasema kwamba binti yake amepata barua ya kazi katika meli ya starehe, naye hajui ampe baraka au amzuie, kwa sababu anakumbuka mambo ya mwaka wa 2020. Nyumbani kwangu swali hilo lilifika mwaka wa 2021, na tulilijibu kwa kugombana. Basi nitawaeleza tulivyogombana, na yale niliyojifunza, mengine kwa kuchelewa.

Kwanza tujue meli hizo ni kitu gani. Si meli za shehena kama zile zinazoteremsha makontena. Ni hoteli kubwa inayoelea, yenye wageni elfu mbili, elfu tatu, hata zaidi, na wafanya kazi elfu moja au zaidi wa kuwapikia, kuwatandikia na kuwachezea ngoma. Mgeni analala juu penye dirisha. Mtumishi analala chini, mara nyingi wawili katika chumba kimoja, na chakula wanakula pamoja katika bwalo moja. Shikeni neno hilo la chumba na bwalo, maana nitalirudia.

Mwezi wa Januari 2020 meli moja iitwayo Diamond Princess ilikuwa katika safari za Asia. Abiria mmoja alishuka Hong Kong tarehe 25 Januari, na baadaye akaonekana kuwa na ugonjwa wa Korona. Meli ikafika Yokohama katika nchi ya Japani tarehe 3 Februari, ikazuiwa. Ndani walikuwamo watu 3,711: abiria 2,666 na wafanya kazi 1,045. Tarehe 5 Februari abiria wakaamriwa wakae vyumbani mwao siku 14, mlango umefungwa. Mwisho wa mambo watu 712 walionekana kuwa na ugonjwa, na miongoni mwao wafanya kazi walizidi 100.

Sasa nawauliza, ndugu zangu. Abiria amefungiwa chumbani. Je, chakula kilimfikiaje? Kilipelekwa mlangoni na mtumishi, asubuhi, mchana na jioni. Na mtumishi huyo alipomaliza zamu alikwenda kula katika bwalo na wenzake, akalala katika chumba kile cha watu wawili. Karantini ilikuwa ya abiria. Mtumishi hakuwa na karantini, alikuwa na kazi.

Sisi wa njia tunaposimamisha reli ili kubadili mataruma, tunaweka bendera nyekundu huku na huku. Bendera ile inamlinda abiria wa treni asianguke, na inalilinda genge lisigongwe. Sheria moja, inalinda wote wawili. Kama ingemlinda abiria peke yake sisi tungekwisha kufa zamani. Katika meli ile bendera iliwekwa upande mmoja.

Sisemi kwamba Wajapani walikuwa watu wabaya. Ugonjwa ulikuwa mpya, hata madaktari walikuwa wakijifunza. Na meli nyingine hazikupata hata pa kufungiwa. Ile iitwayo Westerdam ilikataliwa na bandari nyingi za Asia mpaka Kambodia ikaipokea tarehe 13 Februari. Nyingine, Zaandam, ilikataliwa huko Amerika ya Kusini, watu wakafa ndani yake, ikavuka mfereji wa Panama na kufika Florida tarehe 2 Aprili. Mtu wa reli hawezi kufahamu vizuri jambo hili. Treni ikikataliwa stesheni moja itasimama pale pale, na watu watashuka waende kwa miguu. Baharini huwezi kushuka.

Tarehe 14 Machi 2020 serikali ya Marekani, kwa mkono wa idara yake ya kuzuia magonjwa, ilitoa amri kwamba meli za starehe zisisafiri. Abiria wakateremshwa, wakaenda kwao. Wafanya kazi wakabaki. Mwezi wa Aprili idara hiyo yenyewe ilisema kwamba meli kama 100 zilikuwa bado katika bahari za pwani ya Marekani, na ndani yake wafanya kazi karibu 80,000. Hawakuruhusiwa kushuka na kupanda ndege za kawaida. Ilibidi kampuni iwakodishie usafiri wa peke yao na kutia sahihi kwamba masharti yamefuatwa. Kampuni nyingi zililalamika juu ya gharama na juu ya sahihi hiyo. Siku zikapita.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alikuwa mmoja wa watu hao. Alikuwa mtumishi wa vyumba. Jina la kampuni sitalitaja hapa. Abiria walipokwisha shuka, wafanya kazi walihamishiwa vyumba vya wageni, mmoja mmoja, ili wasiambukizane. Alikilalia kitanda ambacho alikuwa akikitandika kila siku kwa miezi saba. Aliniambia kwamba siku ya kwanza aliona raha sana, akafungua dirisha akatazama bahari. Siku ya kumi alianza kutandika kitanda mara tatu kwa siku kwa sababu hakuwa na kazi nyingine ya mikono. Mshahara ulilipwa kwa muda, kisha ukakatwa, kwa kuwa mkataba ulikwisha na yeye bado yuko ndani. Meli ikavuka mpaka Ulaya. Huku kwetu ndege za abiria kutoka nchi za nje zilikuwa zimesimamishwa tangu tarehe 25 Machi, zikafunguliwa tarehe 1 Agosti. Alifika Nairobi mwezi huo wa Agosti, akapanda treni yenye viti nusu vitupu kwa ajili ya masharti, nikampokea stesheni ya Voi. Hatukupeana mkono. Mama mkwe wangu alimtazama kwa mbali, akalia, akamwambia, "Mwanangu, bahari imekurudisha. Usiijaribu mara ya pili."

Mwezi wa Juni 2021 wakala akapiga simu. Meli zinaanza tena, je, unarudi?

Habari ya kuanza tena ilikuwa hivi. Tarehe 30 Oktoba 2020 Marekani iliondoa amri ile ya kukataza, ikaweka amri ya masharti. Kampuni ilitakiwa kupima wafanya kazi wake, kupatana na bandari na hospitali za bara, na kufanya safari za majaribio zenye watu wa kujitolea. Au kama haitaki majaribio, ionyeshe kwamba asilimia 95 ya abiria na asilimia 98 ya wafanya kazi wamechanjwa. Tazameni hesabu hiyo: mtumishi alitakiwa kuwa safi kuliko mgeni. Tarehe 26 Juni 2021 meli iitwayo Celebrity Edge ikatoka Fort Lauderdale, ndiyo ya kwanza kutoka bandari ya Marekani na abiria wa kulipa.

Shemeji alikuwa akiuza mitumba na deni limempata. Watoto wawili, karo haijalipwa. Mama alisema hapana. Mke wake alisema ndiyo, kisha hapana, kisha akanyamaza. Wakaniita mimi, kwa kuwa nimo katika chama na nimezoea kusoma makaratasi ya mwajiri.

Nikaanza kwa kuuliza swali ambalo wote walikuwa wakiuliza: je, Korona bado iko melini? Nikaona swali hilo halina faida. Ilikuwako melini, na ilikuwako sokoni kwetu pia. Tulikwisha zika jirani wawili ambao hawakupata kuona meli. Kwa hiyo nikamwambia, shemeji, lete mkataba.

Ndugu zangu, masharti yale ya Marekani yalikuwa mengi, na yalieleza vizuri nani apimwe, siku gani, avae nini. Hayakueleza nani alipe mshahara wa mtu aliyefungiwa. Hayo yako katika sheria nyingine kabisa, Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka wa 2006, uliotungwa na Shirika la Kazi Ulimwenguni, ambao Kenya iliukubali mwaka wa 2014. Mtumishi wa vyumba, mpishi na mpiga piano wote ni mabaharia mbele ya sheria hiyo. Inasema mwenye meli ndiye alipe nauli ya kumrudisha mfanya kazi kwao. Matibabu melini ni bure. Mtu akiugua kazini asikatwe mshahara ovyo. Mwenye meli anaweza kujiwekea mpaka, lakini usiwe chini ya wiki 16. Tena inakataza wakala kumtoza mfanya kazi ada ya kumpatia kazi. Atalipa cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti, basi.

Nikausoma mkataba wa shemeji mara tatu, nikauona mtupu mahali pale pale nilipotaka pajae. Siku za karantini kabla ya kupanda meli, mshahara uko au hauko? Haikuandikwa. Akipatikana na ugonjwa akafungiwa siku kumi, ni siku za kazi au ni siku za hewa? Haikuandikwa. Atalala na nani? Haikuandikwa. Na wakala alitaka "pesa za faili". Nikamwambia shemeji asitie sahihi, aandike barua kuuliza maneno hayo matatu, na pesa za faili asilipe.

Aliandika. Jibu halikuja mwezi wa Julai, wala Agosti. Rafiki yake waliyefanya kazi pamoja alitia sahihi bila kuuliza, akaondoka, na mwezi wa Septemba akatuma fedha kwao, paa la mabati likapigwa. Mke wangu hakusema nami vizuri siku hizo. Alisema, "Wewe una mshahara kila mwisho wa mwezi, ndiyo maana unaweza kusoma mara tatu." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Mwisho wa Septemba barua ikaja. Si kwa wakala yule, bali kwa mwingine. Mshahara wa msingi utalipwa siku za karantini. Chumba ni cha mtu mmoja mpaka amri ya masharti iondolewe. Nauli ya kwenda na kurudi ni ya kampuni. Shemeji akaniuliza, "Na sasa unasemaje?" Nikasema mimi nimemaliza ya makaratasi; ya mama yako uyamalize mwenyewe. Alikaa na mama yake usiku kucha. Sijui walisema nini. Asubuhi mama alimpikia maharagwe na mahamri ya njiani, nasi tukajua.

Aliondoka Oktoba 2021 akiwa amechanjwa. Mwezi wa Desemba ile Korona mpya iliyoitwa Omicron ikaenea melini kote, na tarehe 30 Desemba idara ile ya Marekani ikawaonya watu wasipande meli za starehe hata kama wamechanjwa. Januari shemeji akaugua. Homa siku mbili, kikohozi wiki moja. Akafungiwa siku kumi. Mshahara wa msingi ukalipwa, ila bakshishi za wageni hazikuwako, na ninyi mnajua kwamba mtumishi anaishi kwa bakshishi. Hilo sikuliuliza katika ile barua. Ni kosa langu, nalisema mbele yenu ili mwingine asilisahau. Yule rafiki yake aliyepiga mabati naye aliugua, akafungiwa, wala hakulipwa, na alipotaka kurudi aliambiwa mkataba wake hausemi lolote juu ya nauli. Sheria ingemlinda kama angaliijua, kwa maana mkataba ukinyamaza sheria hainyamazi. Alilipa mwenyewe.

Sasa kwa ajili ya ndugu yetu na binti yake. Mambo ya leo si ya wakati ule. Amri ya masharti ilikwisha tarehe 15 Januari 2022 ikawa ya hiari, na tarehe 18 Julai 2022 mpango wote wa Korona wa idara ile ukafungwa. Shirika la Afya Ulimwenguni nalo lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya hatari imekwisha. Kwa hiyo binti hatakuta masharti yale. Atakuta masharti ya kampuni, na kampuni huyabadili inapotaka. Vyumba vimerudi kuwa vya wawili. Na ugonjwa wa kuhara na kutapika unaruka ndani ya meli hizo mwaka hata mwaka, ukimpata mtumishi atafungiwa vile vile, na swali la mshahara litarudi vile vile.

Mimi singemkataza. Mtu mzima aliyesoma hoteli, na hapa hakuna kazi, utamkataza kwa nini? Lakini nisingemwacha aende na karatasi tupu. Mzee, wewe ulisema wakala wa binti ametaka fedha kabla ya sahihi. Hapo pekee mimi ningesimama kwanza.

Karatasi ya binti ameileta Katibu, iko hapa mezani. Kina ukurasa wa nne ambao umeandikwa kwa herufi ndogo sana. Mkutano ukiisha, mwenye miwani na abaki tuusome pamoja.