Uangalifu wa Mtumishi na Zana ya Ofisi



Neno la siri ni kufuli ambalo ufunguo wake huibwa bila mwenyewe kujua. Mtu akiliandika mahali pasipo pake mara moja tu, limekwisha kuwa mali ya mwizi. Ndiyo maana ofisi nyingi zimeongeza hatua ya pili, yaani tarakimu za muda zinazoletwa kwa simu. Hatua hiyo ina manufaa. Lakini yafaa ieleweke kwamba tarakimu nazo huandikwa na binadamu, na tapeli aweza kuzipokea na kuzitumia papo hapo.

Tarehe 20 Julai 2022, wafanyakazi wasiopungua 76 wa kampuni ya Cloudflare ya Marekani walipata ujumbe wa simu katika muda usiotimia dakika moja. Ujumbe huo uliwapeleka kwenye ukurasa uliofanana na ule wa kuingilia kazini kwao. Watatu kati yao waliandika maneno yao ya siri. Hata hivyo, wezi hawakuingia, kwa sababu kila mfanyakazi alikwisha kupewa ufunguo wa usalama, kifaa kidogo kinachounganishwa na kompyuta. Kampuni ya Twilio, iliyoshambuliwa kwa hila kama hiyo, iligundua mwezi Agosti mwaka huo kwamba imeingiliwa.

Ndani ya kifaa hicho mna siri isiyotoka nje kamwe. Hujibu anwani ile tu ambako kilisajiliwa. Ukurasa bandia waweza kumdanganya mtu kwa sura, lakini anwani yake ni nyingine, na kifaa hakina jibu la kuupa. Hivyo ulinzi hautegemei tena macho ya karani aliyechoka saa tisa alasiri.

Wale watatu hawakuwa wazembe kuliko wenzao, walikuwa binadamu. Mkuu wa ofisi anayemkaripia mtumishi aliyedanganywa, ilhali hakumpatia zana, amekwepa wajibu wake mwenyewe. Kadhalika, mtumishi aliyekabidhiwa ufunguo hana budi kuutunza: asimwazime mwenzake, awe na wa pili uliosajiliwa na kuwekwa mahali salama, na akiupoteza atoe taarifa siku ile ile.

Kumbukumbu za mishahara na matokeo ya mitihani ni amana ya wananchi. Uangalifu ni wajibu wa mtumishi. Zana ni wajibu wa ofisi. Kimoja kikikosekana, mlango u wazi.