Puto la Karatasi Liendalo kwa Hewa ya Moto



Kila mtoto wa pwani ajua kufanya tiara. Njiti za ukuti, karatasi, uzi, na mkia wa kitambaa. Kisha hungoja upepo. Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za chombo kingine cha karatasi, ambacho upepo ni adui yake. Chombo hicho ni puto la hewa ya moto, na mtu aweza kulifanya nyumbani kwake kwa siku mbili, kwa vitu vipatikanavyo dukani na jikoni.

Asili ya maputo makubwa ni mji wa Annonay, katika nchi ya Ufaransa. Huko walikuwako ndugu wawili, Joseph na Étienne Montgolfier, wa ukoo wa watengenezaji wa karatasi. Tarehe 4 Juni 1783 walirusha puto lao la kitambaa na karatasi mbele ya watu wa mji. Tarehe 19 Septemba mwaka ule ule, huko Versailles, kondoo, bata na jogoo walipandishwa juu huku Mfalme Louis wa 16 akitazama. Na tarehe 21 Novemba wakapanda watu wawili. Ajabu ni kwamba ndugu hao hawakujua sababu ya kazi yao wenyewe. Walidhani kwamba moshi ndio wenye nguvu ya kuinua, kwa hiyo walichoma majani na sufu ili moshi uwe mwingi. Laiti wangejua, wangejiepusha na harufu ile.

Moshi hauinui kitu. Hewa ina uzito kama kitu kingine cho chote. Hewa ya asubuhi huku pwani, ikijaza sanduku la mita moja kila upande, uzito wake ni kama gramu 1,180. Ikipashwa moto hata kufikia joto la maji yachemkayo, hutanuka, sehemu yake hutoka nje, na ile ibakiayo ni kama gramu 945. Tofauti yake, gramu 235 hivi, ndiyo nguvu yote tuliyo nayo. Ni nguvu haba; kwa hiyo kila gramu ya karatasi na gundi ina hesabu yake.

Hapa ndipo wengi wakosapo, na sisi tulikosa pia. Puto letu la kwanza lilikuwa zuri la kupendeza, la rangi mbili, upana wake nusu mita. Tulilijaza hewa ya moto mara tano, nalo halikuondoka mikononi. Tukadhani moto hautoshi. Kumbe kosa lilikuwa katika hesabu. Karatasi nyembamba ya kufungia zawadi, ambayo watoto hufanyia tiara pia, mita moja ya eneo ina gramu 18 hivi. Puto la nusu mita latumia gramu 14 za karatasi, na nguvu yake ni gramu 15 tu. Ukitia gundi na pete ya waya, limekwisha kushindwa. Lakini ukizidisha upana mara mbili, karatasi huongezeka mara nne, na hewa iliyomo ndani huongezeka mara nane. Puto la mita moja lina karatasi ya gramu 57 hivi, na nguvu ya gramu 120. Hata hewa isipopata joto kamili, lapanda. Basi mtu asifanye dogo kwa kuogopa gharama.

Kazi yenyewe ni hii. Puto lashonwa kwa vipande vinane, mfano wa ganda la chungwa lililochanwa toka juu hata chini. Kwanza kata kielelezo kwa gazeti kuukuu, urefu wake sentimeta 144. Ncha ya juu ni kali. Ukishuka sentimeta 26, upana uwe 20. Ukifika 52, upana 34. Ukifika 78 na nusu, upana 39, na hapo ndipo tumboni. Kisha upana warudi: 34 kwenye sentimeta 105, na 20 kwenye 131, na mwisho, mdomoni, sentimeta 10. Unganisha alama hizo kwa mstari uliopinda taratibu, usio na pembe. Karatasi za sentimeta 50 kwa 75 zafaa sana, kwa kuwa mbili zikigandishwa kwa urefu zatosha kipande kimoja. Basi zinatakiwa karatasi 16. Kwa ubavu mmoja wa kila kipande acha sentimeta moja zaidi ya kupaka gundi.

Gundi iwe ya unga wa ngano au wa muhogo, iliyopikwa ikawa kama uji mwepesi, ikapakwa kwa kidole au kwa unyoya, kidogo mno. Anayepaka nyingi aongeza uzito, tena karatasi yakunjamana. Vipande vyote vikishikana, ziba utosi kwa karatasi ya duara, na mdomoni tia pete ya waya mwembamba, upana wake sentimeta 25. Pete hii msiidharau: ndiyo izuiayo puto lisipinduke angani na kuimwaga hewa yake. Acha usiku kucha likauke. Kisha tazama ndani, ukiwa umeingiza kichwa kwa adabu, uone mwanga ukipenya wapi, uzibe matundu.

Sasa twafika kwenye moto. Yako maputo ya karatasi yauzwayo madukani, yenye taa ndogo iwakayo chini yake, yakaachwa kwenda yatakako. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2020, taa za namna hiyo ziliangukia nyumba ya wanyama katika bustani ya mji wa Krefeld, Ujerumani, nayo ikateketea, na wanyama zaidi ya 30 wakafa, wakiwamo masokwe na orangutani. Na paa la nyumba ile halikuwa la makuti. Sisi tunaokaa katika vijiji vya makuti na nyasi, ambako cheche moja yatosha mtaa mzima, hatuna ruhusa ya kurusha moto angani. Puto letu halichukui moto hata kidogo. Moto wabaki chini, nalo laondoka na hewa tu.

Chagua uwanja mpana, mbali na nyumba na majani makavu, alfajiri kabla upepo haujaamka. Alfajiri hiyo ina faida ya pili, kwamba hewa ya nje ikiwa baridi, nguvu ya puto huzidi. Walioko nyanda za juu hewa yao ni nyepesi zaidi, na nguvu hupungua, lakini baridi ya huko yawafidia kwa kiasi. Washa jiko la makaa mpaka yawe mekundu, yasiyo na ndimi wala cheche. Juu yake weka wavu mdogo wa waya, na juu ya wavu makopo mawili makubwa ya maziwa ya unga yaliyotolewa vifuniko na vitako, moja juu ya jingine, yawe dohani. Jihadharini na kingo zake, zakata kama wembe. Ndoo ya maji na ndoo ya mchanga ziwe karibu, na mtu mzima ndiye awe msimamizi wa jiko. Watoto washike puto.

Mmoja asimame juu ya kiti, ashike utosi kwa kijiti. Wawili washike pete, shibiri moja juu ya dohani. Karatasi itaanza kutuna mashavu, kisha mabega, kisha utosi utajitenga na kijiti. Bado msiliachie. Ngojeni mpaka mikono iliyoshika pete isikie kuvutwa, na hapo wote waachie kwa pamoja. Uzi wa cherehani wa mita 15, uliofungwa kwenye pete, utawapa hakika ya kuliona tena. Maana hewa ikipoa lashuka pole pole, na kwa uzi huo mwaliongoza lisiangukie jikoni.