Wimbo Mmoja, Sauti Nyingi

(Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu, Utemini, Singida)



Wakati wa matayarisho ya sherehe hii, vijana waliomba kuimba bhajan, yaani wimbo wa ibada, kwa gita na kinanda. Baadhi yetu wazee tulisita, tukihofu kwamba urithi wa babu zetu ungepotea. Basi tukautafakari kwanza wimbo unaojulikana katika kila nyumba mtaani hapa, ya Mgujarati, Mnyaturu au Mnyiramba: «Malaika».

Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa sauti ya upole ya kijana anayependa lakini hana mali ya kuolea. Mwaka 1965 ulitoka katika santuri ya Miriam Makeba na Harry Belafonte, na majonzi ya mwanamume yakapata pia sauti ya kike. Boney M. waliutoa Ulaya mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin akaurudia mwaka 1991. Hata India umeimbwa, na Usha Uthup. Wengi wao hawakuzaliwa katika Kiswahili, na matamshi yalipinda hapa na pale. Lakini maana ilibaki, kwa kuwa ufukara unaomzuia mtu kumwoa ampendaye hueleweka popote.

Kilichotiwa shaka ni jina la mtunzi. Adam Salim, Mtanzania, alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga, kabla ya Fadhili William kuurekodi. Ubishi huo haujaisha hadi leo. Hapo tukajifunza kwamba wimbo haudhulumiwi na ala mpya, bali mtunzi hudhulumiwa anaposahauliwa.

Bhajan waliyoichagua vijana ni «Vaishnava Jana To», iliyotungwa kwa Kigujarati na Narsinh Mehta katika karne ya 15. Mahatma Gandhi aliipenda mno. Na mwaka 2018, kwa heshima yake, wasanii wa nchi zaidi ya 120 waliiimba, kila mmoja kwa namna ya kwao. Mtunzi alitia jina lake ndani ya ubeti wa mwisho.

Kwa hiyo tumewaruhusu vijana wetu gita na kinanda, kwa sharti moja tu: ubeti wa mwisho usikatwe. Karibuni tuwasikilize.